Wifi, Kadi Zile Ni Zangu

Makambako,
5 Mei 2024

Wifi Asteria,

Kamwene. Habari za Njombe na baridi yake? Mguu wa Baba Manase unaendeleaje, anatembea bila fimbo sasa? Manase na wadogo zake natumaini ni wazima. Sisi huku tunapumua. Jane amerudi chuoni Iringa wiki iliyopita, nyumba imebaki na mimi na kuku.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu Jumatatu ya Pasaka nakupigia, inaita mpaka inakata. Dainess, yule anayeuza chai pale gereji kwetu, anakuja Njombe kuchukua viazi, nimempa hii akupe mkononi.

Wifi, siku ile ya kumaliza msiba wa kaka yako mlichukua vitu, na mimi sikusema neno. Kaka Bonaventura alichukua koti la baridi na msumeno wa mashine. Sawa, ni mkubwa wa ukoo. Redio ikaenda Kifanya kwa wazee. Sawa. Hata kitanda mngekibeba ningelala chini na ningenyamaza, maana mwenye vitu hivyo alikuwa Anold, na Anold alikuwa wenu kabla hajawa wangu. Lakini ile albamu ya bluu uliyoingiza kwenye mkoba wako wakati mimi naosha masufuria nje, ile si ya Anold. Ni yangu. Zile kadi mia tatu na kumi na mbili za mchezo wa Kijapani, zenye picha za mazimwi, zilizomo ndani nimezikusanya mimi, kwa mikono hii, miaka ishirini na moja.

Kazi yangu unaijua, nashona viti vya magari. Haya magari yaliyotumika yanatoka Japani yamefagiwa juu juu tu. Ukifungua kiti cha nyuma ndipo unakuta maisha ya watu: vibanio vya nywele, pipi zilizoyeyuka, sarafu zenye tundu katikati. Na kadi. Watoto wa kule miaka ya tisini walikuwa wanachezea kadi hizo garini, zinateleza chini ya kiti, zinakaa humo mpaka gari linafika kwangu. Mimi nazitoa, nazifuta, nazitunza. Mwenye gari namwonyesha kila mara. Wanacheka, wanasema, "Chukua mama, mimi na katuni wapi na wapi."

Naiomba kwa heshima. Mpe Dainess, ataifunga vizuri.

Wifi yako,
Emerensiana


Njombe,
19 Mei 2024

Wifi Emerensiana,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata. Baba Manase anaendelea vizuri, fimbo ameiacha. Watoto hawajambo. Nafurahi kusikia Jane yuko chuoni.

Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Makosa ya uandishi nimeyasahihisha humo humo, ni mazoea ya kazi, usichukie.

Sasa nijibu. Mwaka 2019, kwenye kipaimara cha Manase, kaka yangu alikuja na albamu hiyo hapa nyumbani. Wewe hukuja, ulisema una kazi ya mtu. Aliifungua mezani mbele ya wageni, watu wazima wakaacha pilau wakaja kuangalia. Alituambia kila zimwi linaitwaje na lina nguvu kiasi gani. Nilimuuliza, "Anold, haya umeyatoa wapi?" Akasema, "Dada, nimeyakusanya mwenyewe njiani, miaka yote ya kuendesha lori la mbao." Alisema hivyo kwa mdomo wake, na wachungaji wawili wapo mezani. Leo amelala kaburini hawezi kujitetea, wewe unasema alikuwa mwongo?

Na albamu yenyewe, wifi. Unajua ile albamu ni ya nini? Ni albamu ya harusi yenu! Mimi nilikuwa msimamizi wako, niliinunua mimi, nikapanga picha mimi. Nimefungua nakuta picha za harusi ya kaka yangu zimetolewa, mahali pa bwana harusi amekaa chura mwenye kofia ya chuma. Nilitetemeka kwa hasira. Picha ziko wapi? Kwenye mfuko wa sukari?

Lakini hayo yote ni madogo. Kaka yangu alilala hospitali wiki tatu. Wiki tatu, wifi! Mtu aliyeniambia ni muuza maparachichi aliyepita kwangu na tenga, akadhani najua. Nilipofika Anold hawezi tena kusema. Alinitazama tu. Ulikuwa na namba yangu, ulikuwa na namba ya Baba Manase, ulikuwa na namba ya shule. Kwa nini hukuniita?

Kwa hiyo albamu hiyo ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho ambacho alikishika akiwa anacheka. Sitairudisha.

Ni mimi wifi yako,
Mwalimu Asteria


Makambako,
2 Juni 2024

Wifi Asteria,

Salamu nimezipokea, na mimi nasalimia. Niko mzima, ila nikisoma barua yako mapigo ya moyo yanapanda, kwa hiyo nitaandika nikiwa nimekaa.

Barua ya mjane umeisahihisha kwa wino mwekundu! Nimeiweka ukutani pale gereji. Kila anayekuja kushonewa kiti anaisoma na kuuliza nimepata ngapi.

Picha za harusi ziko kabatini, kwenye bahasha, hakuna hata moja iliyokunjwa. Nilizitoa kwa sababu nailoni za albamu ile ndizo pekee zilizolingana na kadi, na kadi zikikaa wazi zinaliwa na vumbi. Anold mwenyewe alinishikia taa ya simu nikizihamisha, umeme ulikuwa umekatika. Alisema, "Sisi sura zetu tunazijua, hawa wageni ndio wahifadhiwe."

Sasa sikiliza zilivyoanza. Mwaka 2003 nilikuta ya kwanza, yule chura. Nikaibandika ukutani kwa gundi nisijue ni nini. Zikaja nyingine. Mwaka wa tano tangu hapo kukaja Mjapani wa kujitolea, alikuwa anafundisha hesabu sekondari, tulimwita Mwalimu Kenji. Alileta begi lishonwe zipu. Kuona ule ukuta alisimama, akaweka mkono mdomoni, halafu akacheka mpaka machozi. Alisema, "Mama, hizi nilikuwa nazo nikiwa darasa la nne. Mama yangu alizitupa." Na ukutani mle kulikuwa na zile zile, za miaka ile ile, ambazo siku hizi hata kwao watu wanazitafuta.

Jumapili sita mfululizo alikuja baada ya ibada. Alinifundisha kusoma majina, akanifundisha kucheza: kila mtu na kadi arobaini, unavuta moja, unaweka zimwi lako mezani, unaangalia namba ya nguvu pale chini, unajua ushambulie au ujilinde. Ni mchezo wa akili, wifi, kuliko hata bao. Alipoondoka nikamfundisha Dainess. Dainess akamfundisha Conjesta wa duka la vipuri. Sasa tuko wanawake watano, kila Jumamosi saa tisa alasiri, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Wanaume wa gereji wametucheka weee mpaka wamechoka, sasa wanasimama nyuma yetu wanashangilia.

Anold hakuwahi kucheza hata mara moja. Alijaribu, akaona inachosha. Lakini majina aliyajua kwa kunisikia mimi. Na alipokwenda kwa watu akasema ni zake. Mimi nilijua. Alirudi kutoka kwenye hicho kipaimara akaniambia, "Mama Jane, leo nimesifiwa kwa kadi zako." Nikamuuliza kwa nini hukusema ni zangu? Akasema, "Watasema mke wangu anacheza karata." Nikacheka, nikamwachia. Nilimpenda, nikamwachia. Leo ninavyojichukia kwa kule kucheka wewe huwezi kujua. Kumbe nilikuwa nawapa mali yangu!

Suala la hospitali tuliache. Anold alikataza mwenyewe mtu yeyote asiitwe. Yalikuwa matakwa yake.

Nataka kadi zangu.

Wifi yako,
Emerensiana


Njombe,
30 Juni 2024

Wifi,

Salamu. Huku ni wazima, baridi imetukamata, asubuhi majani ni meupe kwa barafu.

Nakujulisha uamuzi wa ukoo ili usije kusema hukuambiwa. Kaka Bonaventura aliipiga picha albamu akaituma kwenye makundi ya simu. Amepatikana kijana mmoja wa Dar es Salaam anayenunua kadi za aina hiyo za zamani, anaitwa Emanuel. Atafika Njombe Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Ukoo umekubaliana ziuzwe, na kitakachopatikana kimjengee Anold kaburi pale Kifanya. Nadhani hata wewe huwezi kupinga mume wako kujengewa kaburi.

Barua yako nilimsomea kaka Bonaventura. Amesema maneno matupu, mtu yeyote anaweza kutunga hadithi ya Mjapani. Kama una ushahidi ulete. Kama huna, tuache tumjengee ndugu yetu kwa amani.

Wifi yako,
Asteria


Makambako,
9 Julai 2024

Wifi Asteria,

Kamwene. Afya yangu haina shida, shida ni hasira.

Kwanza nilikwenda kushtaki. Jina la ofisi silitaji, lakini nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Nikaingia, nikaeleza. Yule bwana aliandika mstari mmoja, akaacha kalamu. "Mama," akasema, "umri huo unashtaki kwa ajili ya katuni?" Nikamwambia si katuni, ni mali. Akasema, "Ungeibiwa cherehani ningekuandikia. Picha za watoto waachie watoto." Wenzake wawili wakacheka. Nikawauliza, mume wangu angekuja hapa kusema kaibiwa jezi aliyosainiwa na mchezaji wa mpira, mngecheka? Wakaniambia nifunge mlango vizuri nikitoka. Sikuufunga.

Unataka ushahidi, mwalimu. Haya, hapa ndipo utatumia huo wino wako. Albamu unayo wewe. Mimi sijaiona tangu Machi. Ifungue, kaa na barua hii, usahihishe.

Ukurasa wa kwanza, juu kushoto, ni huyo chura aliyekutetemesha. Kona yake ya chini imeliwa na panya, na nyuma ana gundi iliyokauka ya kule ukutani. Huyo alitoka kwenye gari dogo jekundu la mtu wa Mdandu, Juni 2003.

Ukurasa wa nne, katikati, bibi mwenye mwavuli wenye jicho moja. Mtoe kwenye nailoni umgeuze. Ana doa la kahawia, refu, limekatika katikati. Ni chai. Dainess aliimwaga siku aliponifunga mara tatu akaruka juu kwa furaha.

Ukurasa wa tisa, mbweha wawili wanaofanana. Wapeleke dirishani uwainamishe. Wa kulia anang'aa rangi zote. Wa kushoto hang'ai. Naye alikuwa anang'aa, ila nilimfuta kwa petroli nikiwa bado mjinga. Nililia siku hiyo kama nimefiwa.

Ukurasa wa kumi na saba hauna kadi juu kulia. Usidhani imeibiwa. Haijawahi kuwepo. Ni kadi ya sita ya familia ya ndege wa moto, namba zinaruka kutoka tano kwenda saba, angalia pale chini. Nimemngojea huyo ndege tangu 2011.

Ukurasa wa ishirini na mbili, samaki mwenye mikono. Nyuma kuna maandishi ya kalamu ya risasi, ya mtoto. Mwalimu Kenji alinisomea. Yanasema: Haruka, darasa la pili B. Tafadhali usimruhusu mtu ayafute.

Na la mwisho. Kadi zote zimepangwa, na wewe na kaka yako hamjui zimepangwaje. Si kwa rangi wala kwa ukubwa wa zimwi. Zimepangwa kwa mwaka uliochapwa pale chini kwa herufi ndogo, tangu 1996 mpaka 1999, na ndani ya kila mwaka kwa namba. Anza popote uhesabu. Ukikuta moja imekosewa, ziuzeni zote, nijengeeni na mimi kaburi.

Barua hii anaileta dereva wa basi la Costa. Amenihakikishia itakufikia shuleni Ijumaa.

Emerensiana, wifi yako


Njombe,
15 Julai 2024

Wifi Emerensiana,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima. Pamoja na barua hii Dainess anakuletea kifurushi. Usikifungulie gereji kwenye vumbi.

Barua yako ilinikuta shuleni Ijumaa wakati wa mapumziko. Albamu nilikuwa nayo kwenye mkoba, maana nilitakiwa niipeleke kesho yake. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu nikaifungua. Nia yangu, nisikufiche, ilikuwa kukukuta na kosa. Nilianza na panya. Kweli. Nikamtoa yule bibi, nikaona chai. Walimu wenzangu wakaanza kusogea. Mwalimu Romani akachukua barua akawa anasoma kwa sauti, mimi natafuta. Mbweha tuliwapeleka dirishani. Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Tulipofika kwenye jina la yule mtoto Mwalimu Romani aliacha kusoma, akasema, "Asteria, hiki ni kitu cha mtu." Halafu nikahesabu namba. Nilihesabu zote mia tatu na kumi na mbili. Mia tatu na kumi na mbili, wifi, na hakuna moja iliyokosewa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda hotelini alipofikia huyo Emanuel. Kaka Bonaventura alikuwa tayari amekaa, amevaa koti la Anold. Kijana mwenyewe ni mpole, ana miwani, alivaa glovu nyeupe ndipo akafungua albamu. Aligeuza kurasa nyingi, moja moja. Halafu akauliza, "Marehemu alikuwa anakusanya tu au alikuwa anacheza?"

"Anacheza sana," kaka akasema.

"Na nani?"

Kaka akanitazama mimi. "Na madereva wenzake."

"Walikuwa wanatumia kanuni zipi? Za mwanzo au zilizobadilishwa?"

Kaka Bonaventura akajibu, "Zote."

Wifi, niliona aibu mpaka miguuni. Nikatoa barua yako nikampa yule kijana. Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza, nikauondoa. Emanuel akasoma. Alipofika kwa mbweha akainamisha albamu kwenye mwanga. Alipofika kwa yule ndege ambaye hayupo, akacheka kidogo akasema, "Hata mimi huyo wa sita nimemtafuta." Akamaliza, akafunga albamu, akaisukuma kuja upande wangu, si upande wa kaka.

"Mimi hapa sina cha kununua," akasema. "Mwenyewe yupo hai."

Kaka akapandisha sauti, mpaka mhudumu akasimama na sinia. "Mshona viti! Barua ya mshona viti ndiyo inavunja neno la ukoo? Mali ya mke ni ya mume, na ya mume ni ya ukoo!"

Nikamwambia, "Kaka, mimi nina ng'ombe wawili niliowanunua kwa mshahara wangu. Baba Manase akifa leo, ndugu zake waje wawaswage?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Nilingoja. Nilimngoja mpaka chai yake ikapoa. Nikabeba albamu nikaondoka. Tangu siku hiyo hasemi nami, na amewaambia Kifanya kwamba nimeuza kaburi la Anold kwa maneno ya mwanamke wa kuja, Mpangwa wa Ludewa. Nimewajibu kaburi nitalijenga mimi, polepole, tofali kwa tofali.

Nilikukosea, wifi. Nilichukua kitu chako ukiwa unaosha vyombo vya msiba. Naomba radhi, na nimeandika neno hilo kwa herufi kamili.

Lakini usidhani tumemaliza. Kadi ilikuwa haki yako, nimekupa. Kujua ni haki yangu. Unasema Anold alikataza nisiitwe. Mimi ndiye mkubwa, nimemlea yule. Nimembeba mgongoni kwenda kliniki, mama yetu akiwa shambani. Siamini, lakini kama ni kweli nataka maneno yenyewe aliyoyasema. Alisema siku gani, alisemaje? Niandikie nisome, hata kama yataniumiza.

Wifi yako,
Asteria


Njombe,
18 Agosti 2024

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Dainess ameniambia kifurushi kilifika, hakuna kilichopotea, na kwamba Jumamosi mnacheza kama kawaida. Nimefurahi. Ila ni mwezi sasa. Ulipokuwa unanidai ulikuwa unajibu ndani ya wiki mbili, kalamu haikauki. Leo umepata chako, hata asante hakuna, na swali langu nililokuuliza umelikalia.

Nimepiga simu mara sita. Sasa wewe ndiye hupokei.

Nimegombana na kaka yangu mkubwa kwa ajili yako. Kanisani tunakaa mabenchi tofauti. Hivi wewe unaona ni sawa?

Asteria


Makambako,
29 Septemba 2024

Wifi Asteria,

Kamwene. Natumaini hii itakukuta mzima, wewe na Baba Manase na watoto. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii nimeiandika mara nne, hii ni ya tano. Tatu nimezichoma, moja Jane aliiona akiwa likizo akaisoma. Akasema, "Mama, usipoipeleka wewe nitampigia shangazi mwenyewe."

Anold hakukataza.

Siku ya kwanza aliyolazwa, tarehe 19 Februari, aliniambia, "Mwite Asteria." Nikasema nitamwita. Siku ya pili akauliza, "Umempigia?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekupigia. Siku ya nne akauliza mbona hujaja. Nikamwambia unasahihisha mitihani, umesema utakuja ukimaliza. Akasema, "Mwache, kazi ya shule ni nyingi." Hayo ndiyo maneno uliyoyataka. Alisema hivyo, na siku za baadaye akawa hakuulizi tena, ila mlango ukifunguliwa anageuza shingo.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza na mimi. Wewe ukija nyumbani kwetu, Anold alikuwa wako. Mnaanza Kibena chenu cha utotoni, mnacheka mambo ya Kifanya, mimi Mpangwa naleta chai naondoka. Miaka ishirini na minne nilikuwa naleta chai. Pale hospitali kwa mara ya kwanza alikuwa wangu peke yangu, nambadilisha, namlisha, ananitazama mimi. Nikasema siku mbili tu, halafu nitamwita wifi. Nilidhani atapona, wifi, naapa. Daktari alisema atapona. Siku zikaenda, na kila siku ikawa ngumu zaidi kukupigia, maana ningekupigia ningesema nini?

Halafu akafa. Halafu ukachukua albamu. Na mimi nikashukuru, unasikia? Ndani kabisa nilishukuru, kwa sababu nilipata kitu cha kukukasirikia. Nilikaa chini ya ile barua uliyoisahihisha kwa wino mwekundu, nikiwaonyesha watu jinsi nilivyoonewa. Na kweli nilionewa. Ila kila nikipiga kelele nilikuwa nazisikia zile siku kwa chini.

Siku albamu ilipofika niliifungua, nikaikuta imepangwa, kila mmoja mahali pake, yule bibi umemrudisha vizuri kwenye nailoni yake. Nilitaka uwe umeharibu kitu. Umenipigania mbele ya ndugu zako, na hukujua unampigania nani.

Kuomba msamaha naomba. Cha kukurudishia sina.

Emerensiana


Njombe,
6 Oktoba 2024

Emerensiana,

Barua yako imefika. Salamu sina leo.

Februari hakuna mitihani. Nilikuwa nyumbani kila siku saa tisa, napalilia mboga. Ndugu yangu amekufa akiamini nimekataa kuja kwa sababu ya madaftari ya watoto wa watu. Hilo nitakufa nalo, na sitakuambia kwamba nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe.

Baba Manase anasema nikuache. Nimeshindwa.

Njoo Jumamosi tarehe 12. Njoo peke yako, usilete zawadi wala mchele. Utakaa sebuleni kwangu utaniambia zile wiki tatu siku moja moja: alikula nini, alilalia upande gani, alicheka lini, alisema nini kuhusu nani. Uanzie tarehe 19 asubuhi. Usiruke hata siku moja. Nikikufukuza kabla hujafika mwisho, kaa pale nje kwenye kizingiti, ungoje mpaka nikuite tena.

Dada yake Anold